Stadi (boliti zinazoshika tairi) za tairi la nyuma kushoto zimekatika mara ya pili, tatizo ni nini?

#1 Kipara wa Mchanga
Wakuu, salaam. Nina pikapu ya fowili, dizeli, springi za mapande nyuma. Nimeijenga mwenyewe miaka mitatu kwa safari za mbali, zile za kukaa siku kumi bila kuona lami wala fundi. Tangi la pili la mafuta, tangi la maji la lita 120, keria juu, snokeli, winchi mbele. Vyote vipo.

Mwaka jana zilikatika stadi mbili za tairi la nyuma kushoto. Nikabadilisha zote sita na nati zake. Juzi, siku ya nne ya safari, niko kwenye barabara ya bati, ile mikunjo isiyoisha, nikaanza kusikia tiki, tiki, tiki. Nikipunguza mwendo nayo inapungua. Nikadhani jiwe limenasa kwenye tairi. Nilipita hivyo kama kilomita mbili (najua, najua). Nikashuka. Stadi tatu hazipo, nati ya nne inazunguka kwa vidole, mbili tu ndizo zimeshika. Tairi lile lile.

Fundi wangu anasema stadi ni feki. Lakini mbona zile zilizotoka na gari nazo zilikatika? Na kwa nini kila mara kushoto?

#2 Ukucha
Feki hizo. Uzi ufungwe.

#3 Dada Spana
Usifungwe bado. Kipara, vipande vilivyokatika unavyo? Vioshe vizuri uangalie pale palipokatikia, kisha utueleze unaona nini. Usivisugue kwa brashi ya waya, utafuta ushahidi.

#4 Mzee wa Springi
Kijana, umeshajijibu mwenyewe: kushoto. Nati zako zote zinakazwa kwa kufuata mshale wa saa. Simama upande wa kushoto wa gari likiwa linakwenda mbele, tairi linazunguka kinyume cha mshale wa saa. Kila likitikisika, nati inapata sababu ya kufunguka. Malori niliyoanzia kazi yalikuwa na nati za kushoto zinazokazwa kinyume, na stadi imepigwa herufi L kichwani. Waliotengeneza hawakuwa wajinga.

#5 Ramani Haidanganyi
Mzee shikamoo. Kama ndivyo, mbona wameziacha? Magari mengi ya siku hizi nati zinakazwa upande mmoja kote, na tairi za kushoto hazidondoki ovyo njiani.

#6 Mzee wa Springi
Marahaba. Wameziacha kwa sababu kila kijana aliyepata pancha upande wa kushoto alizikaza akidhani anafungua, mpaka zinakatika. Na hao wenye magari ya siku hizi hawapiti kilomita mia nne za bati na tani moja mgongoni.

#7 Kipara wa Mchanga
Dada Spana, nimeosha. Vipande viwili vinafanana kabisa. Zaidi ya nusu ya uso ni laini, rangi ya kahawia iliyokolea, na kuna mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ya kwenye gamba la kombe. Kisha kuna sehemu ndogo pembeni, ya kijivu, inakwaruza ukipitisha kucha na inang'aa juani kama chumvi. Cha tatu ni tofauti, chote kinakwaruza na kimechongoka kidogo.

#8 Dada Spana
Hapo sasa. Hivyo viwili vimekufa kwa uchovu wa chuma. Ufa ulianzia sehemu moja, pengine muda mrefu nyuma, ukawa unasogea kidogo kidogo kila tairi linapozunguka. Ile mistari ni alama za ufa ulivyokuwa unatembea. Sehemu ya kijivu ndiyo iliyobaki imebeba peke yake mpaka ikashindwa, ikakatika mara moja. Rangi ya kahawia ni kutu, maana yake ufa ulikuwa wazi kabla hujasikia hiyo tiki tiki. Cha tatu kilikatika kwa kuzidiwa baada ya wenzake kuondoka.

Kwa hiyo swali la feki naliweka pembeni. Stadi nzuri kabisa nayo hufa hivi ikiwa rimu haijabanwa. Wengi wanadhani stadi ndizo zinazobeba uzito wa gari. Hapana. Kazi ya stadi ni kuvuta, kuibana rimu kwenye habu (kitovu kinachozunguka na tairi) kwa nguvu kiasi kwamba msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaobeba. Ubanaji ukipungua, rimu inaanza kucheza, na stadi inapindwa huku na huku maelfu ya mara kwa saa.

Swali: rimu zimepakwa rangi?

#9 Kipara wa Mchanga
Ndiyo. Nilizipaka mwenyewe kabla ya safari ya mwaka jana, koti tatu, nje na ndani, mpaka kwenye matundu ya nati. Zilipendeza.

#10 Ukucha
"Zilipendeza" 😂😂😂

#11 Dada Spana
Pole mkuu, lakini nadhani ndiyo hiyo. Koti tatu pale rimu inapokutana na habu, na nyingine kwenye kikombe cha nati, pale nati inapokalia rimu. Ukikaza, spana inakwambia imekaza. Ukienda kilomita hamsini, rangi imeshasagika, pamebaki nafasi. Ni nyembamba kuliko karatasi, ila stadi imevutika kidogo sana ilipokazwa, hiyo nafasi inatosha kuimaliza nguvu yote. Kwangua rangi sehemu hizo mbili mpaka chuma kionekane, upande wa habu nao utoe kutu.

#12 Tingo Mstaafu
Na mimi naomba nichangie. Kipara, unakazia nini? Usiniambie spana ya tairi na bomba.

#13 Kipara wa Mchanga
Spana ya tairi na bomba la kama mita moja. Naning'inia mpaka inalia.

#14 Tingo Mstaafu
Niliijua hiyo. Kama una kilo 80 na umening'inia mwisho wa bomba la mita moja, hiyo ni karibu nyutoni mita 785 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kitabu cha gari langu, ambalo nalo lina stadi sita, kinasema 209 kwa rimu ya chuma na 131 kwa rimu ya aluminiamu. Umezidisha mara tatu na zaidi! Stadi ikivutwa kupita uwezo wake hairudi, inabaki imerefuka kama mpira wa kaptura kuukuu, na haibani tena. Wewe unajiona umekaza kumbe umeua.

Nilifanya utingo miaka tisa, na makovu ya magoti yangu yote ni ya kukaza nati za watu. Aliyenifundisha alinipiga marufuku bomba: kufungulia ruhusa, kukazia hapana.

#15 Ramani Haidanganyi
Tingo, hesabu yako sawa ila hitimisho lina kasoro. Kama tatizo ni bomba, zingekatika za tairi zote nne. Haning'inii kushoto nyuma peke yake.

#16 Tingo Mstaafu
Kushoto nyuma ndiko kwenye pancha nyingi pengine. Kipara, hilo tairi umelifungua mara ngapi?

#17 Kipara wa Mchanga
Aisee. Kweli, hilo ndilo nililofungua zaidi. Pancha mbili, halafu breki, halafu nilibadilisha sili ya oili ya ekseli.

#18 Fundi Asiyelala
Subirini hapohapo. Sili ya oili? Ina maana oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) ilikuwa inavuja upande huo. Stadi ziliwahi kulowa?

#19 Kipara wa Mchanga
Dramu lote la breki lilikuwa limelowa. Nilifuta. Na stadi mpya nilizipaka grisi kidogo zisishike kutu.

#20 Fundi Asiyelala
Grisi kwenye stadi ni ugomvi wa kudumu, nitausema halafu mnitukane. Vipimo vingi vya vitabu ni vya uzi wa stadi ukiwa mkavu, bila grisi. Sehemu kubwa ya nguvu unayoweka kwenye spana inaliwa na msuguano, kidogo tu ndicho kinachoivuta stadi. Ukipaka grisi, msuguano unapungua, na kwa nguvu ileile ya spana stadi inavutwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Changanya na bomba la mita moja uone.

#21 Mzee wa Springi
Mimi nimepaka grisi miaka thelathini na sijakata stadi hata moja.

#22 Fundi Asiyelala
Mzee, wewe unakaza kwa mkono wa miaka thelathini. Mkono wako ndio kitabu.

#23 Mzee wa Springi
Hilo nimelipenda.

#24 Jangwa Halina Mlango
Wote mmesahau kumuuliza mzigo umekaa vipi. Kipara, tangi la maji liko wapi?

#25 Kipara wa Mchanga
Nyuma kushoto. Mfereji unatokea upande huo. Sanduku la zana nalo liko kushoto, maana kulia kuna friji na betri ya pili.

#26 Jangwa Halina Mlango
Maji lita 120 ni kilo 120, bila tangi lenyewe. Zana hazikosi kilo 40. Friji na betri hazifikii hata nusu ya hapo. Halafu madumu ya dizeli juu ya keria yako upande gani? Dumu la lita 20 likijaa ni kama kilo 17 za mafuta peke yake. Peleka gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kila kitu, pima kila tairi peke yake. Mimi nilipopima langu nilikuta upande mmoja umezidi mwingine kwa kilo 190, na ndani nilikuwa nimepanga kila kitu kwa upendo. Springi ilikuwa imeshaniambia, nikawa sisikii: ukisimama nyuma ya gari, bampa lilikuwa limelala.

Ongeza mgongo wa barabara. Unaendesha upande wa kushoto wa njia, njia imeinama kushoto, uzito unahamia kushoto siku nzima.

#27 Kusini Magharibi
Kwetu tunaendesha kulia na mimi pia nilikata za nyuma kushoto. Mgongo wa barabara uniombe radhi.

#28 Mzee wa Springi
Mwajiona? Kushoto ni kushoto.

#29 Ramani Haidanganyi
Gari moja si ushahidi, mzee. Mimi nimekata za mbele kulia. Tuanze dini nyingine?

#30 Lulu ya Bati
Mnabishania stadi, mmeiacha barabara. Kipara, unapita kwenye bati kwa mwendo gani, na upepo wa tairi ni kiasi gani?

#31 Kipara wa Mchanga
Themanini, ili gari lielee juu ya mikunjo. Upepo psi 45 nyuma kwa sababu ya mzigo. Sishushi mpaka nizame kwenye mchanga.

#32 Lulu ya Bati
Psi 45 kwenye bati ni kuifanya tairi kuwa jiwe. Shusha, mimi na mzigo naenda na 30 nyuma, kwenye mchanga laini 18, na sipiti sitini. Tairi ndiyo springi ya kwanza. Ukiinyima kazi, ile mitikisiko yote inahamia kwenye stadi, bushi, mabano ya keria na meno yako.

Shokapu nazo ziguse kwa mgongo wa mkono baada ya nusu saa ya bati. Zikiwa za moto huwezi kuzigusa, oili ndani inaelekea kufanya povu, na shokapu yenye povu ni pambo. Simama, zipoe. Ikiwa tatu ni za moto na moja ya baridi, hiyo ya baridi ndiyo imekufa.

#33 Fundi Asiyelala
Hilo la shokapu ya baridi watu wengi hawalijui. Kipara, kagua ya nyuma kushoto.

#34 Jangwa Halina Mlango
Lulu nakubali yote isipokuwa kimoja. Psi 30 na mzigo wote ule kwa mwendo wa sitini juani, kuta za tairi zinachemka. Mimi nimepasua mbili hivyohivyo. Ukishusha upepo shusha na mwendo zaidi, arobaini. Kila mzigo una upepo wake, watu wasinakili namba za mtu mwingine.

#35 Ukucha
Arobaini kwenye bati? Utafika ukiwa mjukuu wako.

#36 Ramani Haidanganyi
Kuhusu hayo mabati, kuna waliodhani yanaletwa na springi za magari kudunda. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walichapisha majaribio yao: gurudumu linazungushwa juu ya duara la mchanga. Mikunjo ilitokea hata gurudumu lilipokuwa halina springi, ilimradi mwendo upite kiwango fulani. Chini ya hapo njia inabaki tambarare. Kwa hiyo Kipara na themanini yako, ndiwe unayeitengeneza barabara inayokukata stadi.

#37 Kipara wa Mchanga
Sasa naambiwa na barabara nimeiharibu mimi 😅

#38 Mwenye Injini ya Zamani
Nyie na fizikia. Nunua gari la dizeli la pampu ya zamani lisilo na kompyuta, matatizo yaishe.

#39 Dada Spana
Kompyuta inakata stadi?

#40 Mwenye Injini ya Zamani
Nimesema kwa ujumla. Mfumo mpya unasukuma dizeli kwa shinikizo la bar zaidi ya 1,600, tone la maji kwenye mafuta na nozeli zote zimekwenda. La zamani unalichuja mafuta kwa kitambaa na linawaka.

#41 Fundi Asiyelala
Kwa kitambaa usichuje hata la zamani. Kinachofaa kwa magari yote mawili ni chujio la kutenganisha maji, na kulifungua kila asubuhi kabla ya kuwasha, maji yakiwa yametulia chini. Tafadhali kila mwenye hoja ya injini afungue uzi wake, wa injini ulishafunguliwa mara arobaini.

#42 Tingo Mstaafu
Kipara hujatuambia ulitokaje huko na stadi mbili.

#43 Kipara wa Mchanga
Niliazima nati kwa tairi nyingine lakini nati haina kazi bila stadi, kwa hiyo ilibidi nitafute stadi. Akiba nilikuwa nazo mbili tu. Nikapiga jeki, nikaweka gogo chini ya ekseli (jeki siiamini), nikatoa tairi na dramu. Mabaki ya stadi zilizokatika niliyapiga nyundo kutoka nje, yakadondokea nyuma. Zile mbili za akiba nikaziingiza kwa nyuma ya habu, nikaweka wesha nne nene na nati iliyogeuzwa, nikaivuta pole pole mpaka meno yakazama. Ya tatu niliitoa tairi la mbele kulia, kule nikabaki na tano. Kazi ya masaa matano, jua kali, na nilipoteza wesha moja mchangani nikaitafuta nusu saa kwa kuchekecha mchanga na kifuniko cha sufuria.

Baadaye nikaenda thelathini kwa saa, nasimama kila kilomita kumi kukaza. Siku mbili.

#44 Tingo Mstaafu
Heshima. Kwa watakaosoma: stadi sita za akiba na nati nane, hazina uzito wowote. Na baada ya kufungua tairi, kaza tena ukifika kilomita 50, kisha 100. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu. Ukisimama kuchimba dawa, unautupia jicho. Mstari umekatika, nati imetembea.

#45 Dada Spana
Huo mstari ndiyo rangi pekee ninayoiruhusu kwenye rimu.

#46 Kusini Magharibi
Nauliza pembeni: beringi za habu alizipima? Langu nilihangaika na nati miezi, kumbe beringi ililegea, tairi linacheza. Liinue, shika juu na chini, tikisa. Likicheza shika tena huku mtu amekanyaga breki. Mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni kitu kingine.

#47 Kipara wa Mchanga
Nilipobadilisha sili nilifungua nati ya beringi na nikaikaza... kwa kukadiria.

#48 Ukucha
Mkuu, kuna kitu chochote kwenye hilo tairi ambacho hukukigusa?

#49 Kipara wa Mchanga
Upepo.

#50 Kipara wa Mchanga
Wakuu nimerudi baada ya wiki tano. Nilichofanya: stadi zote 24 mpya kutoka duka jingine, uzi mkavu. Nimekwangua rangi mpaka chuma. Nimenunua spana ya kupima nguvu, bomba nimempa jirani ashikilie mlango wa banda. Beringi nimezikaza kwa kipimo. Shokapu ya nyuma kushoto ilikuwa imekufa kweli, ilikuwa ya baridi kama Lulu alivyosema. Tangi la maji nimelihamishia katikati, nyuma ya viti, na mizani sasa inaonyesha tofauti ya kilo 22 kati ya kushoto na kulia. Upepo nyuma 34, mwendo hamsini. Nimepiga mistari.

Kilomita 1,100, kati ya hizo kama 600 ni bati. Hakuna stadi iliyokatika.

#51 Mzee wa Springi
Hongera. Lakini sasa hutajua kilichokuwa kinazikata, maana umebadilisha vyote kwa mpigo. Na nati bado zinakazwa upande uleule.

#52 Dada Spana
Rangi ilikuwa, mzee.

#53 Tingo Mstaafu
Bomba.

#54 Jangwa Halina Mlango
Maji.

#55 Kipara wa Mchanga
Kuna jambo moja sijasema. Mistari ya kushoto yote iko sawa. Kwenye kilomita ya 700 nilikuta nati moja imetembea kama milimita nne. Nyuma kulia.

#56 Ramani Haidanganyi
Mzee wa Springi, uko hewani?

#57 Mzee wa Springi
Nipo. Ulirudi nyuma sana kwenye mchanga?